Leseni ya Tanga, Barabara ya Leicester

Jumapili iliyopita, baada ya sala ya alasiri, mpwa wangu alinipigia simu. Ana miezi tisa tangu afike hapa Leicester akitokea Tanga, na sauti yake ilijaa furaha: amenunua pikipiki. Si kubwa, ni ya cc 125, imeshatumika, lakini injini yake ni safi. Nikampongeza. Kisha nikamwuliza, "Na leseni je?"

"Ninayo, mjomba. Haijaisha. Imebakiza miaka miwili."

Nikamwambia asitoke na pikipiki hiyo kwenda popote mpaka tuonane jioni. Kosa hakuwa amefanya bado, lakini jibu lile nimelisikia kwa watu wengi mno, na mimi mwenyewe nililitoa hivyo hivyo nilipokuwa mgeni. Kadi unayoichomoa mfukoni ina tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo ni ya kweli. Ila ni ya Tanzania. Uingereza ina hesabu yake, na hesabu hiyo haikuandikwa popote kwenye kadi yako: miezi 12 tangu siku uliyohamia. Ndani ya miezi hiyo unaruhusiwa kuendesha pikipiki au gari dogo la aina iliyotajwa kwenye leseni yako ya nyumbani, kama ulivyokuwa ukiendesha nyumbani. Ikipita siku moja tu, kadi ile ile inakuwa kipande cha plastiki, hata kama Dar es Salaam au Nairobi inatambuliwa kwa miaka mingine.

Naomba hapa unisikilize vizuri, maana ndipo wengi wanapoteleza. Hesabu haianzi siku uliyonunua pikipiki. Haianzi siku uliyopata kazi. Wala haianzi upya ukienda nyumbani wiki tatu kwa harusi ya dada yako kisha ukarudi. Inaanza siku ulipokuja kuishi hapa. Na ile kadi ya kimataifa ambayo watu huinunua kabla ya safari ni tafsiri ya leseni yako, basi. Haikuongezei hata mwezi mmoja.

Ukikamatwa baada ya hapo, shauri halitakuwa la leseni peke yake. Bima nyingi zina sharti kwamba mwendeshaji awe na leseni inayotambulika, kwa hiyo unaweza kujikuta barabarani bila bima huku kila mwezi ulikuwa ukilipa. Kuendesha bila bima hapa ni faini ya papo kwa papo ya pauni 300 na pointi 6, na polisi wana haki ya kuichukua pikipiki pale pale, ubaki umesimama kando ya barabara na helmeti yako mkononi. Pointi zile huandikwa kwenye kumbukumbu, zikakusubiri siku utakapopata leseni ya hapa. Nimemwona kijana wa kwetu akirudi nyumbani kwa miguu usiku wa Desemba namna hiyo. Aliniambia kwamba miaka minane aliyobeba abiria Tanga hakuwahi hata kumchubua mtu. Nilimwamini, na bado ninamwamini.

Sasa twende kwenye swali ambalo mpwa wangu aliniuliza jioni ile, kabla hata hajakaa kitini. "Mjomba, mbona wenzetu wa Zimbabwe wanabadilishiwa tu?"

Ni kweli. Uingereza ina orodha ya nchi ambazo leseni zake hubadilishwa bila mtihani. Mtu hujaza fomu, hulipa ada, hupeleka kadi yake kwa idara ya leseni, DVLA, iliyoko Swansea kule Wales, na ana miaka mitano tangu ahamie kufanya hivyo. Kwenye orodha hiyo wamo Australia, Kanada, Japani, Singapore, New Zealand, Uswisi na wengine. Kutoka Afrika nzima ni nchi mbili: Afrika Kusini na Zimbabwe. Kenya haimo. Tanzania haimo, wala Uganda, wala Rwanda, wala Burundi, wala Kongo. Sisi wa nchi hizi tunaambiwa tuanze kama mtu ambaye hajawahi kukamata klachi maishani mwake.

Jambo hili linauma, na sitaki kulipaka sukari. Mtu ambaye amepita kwenye msongamano wa Kariakoo na gunia la mkaa nyuma, akapita kwenye tope la masika la Lushoto bila kuanguka, anafungiwa kibao chenye herufi L mbele na nyuma kama mtoto wa shule. Mimi nilivifunga vibao hivyo nikiwa na miaka 38. Niliona haya watu wa kwetu wasinione.

Lakini miaka imepita, nimeifikiri sana orodha ile, na kuna jambo nililolifahamu polepole. Hawakupimi wewe. Wanampima yule aliyekupima. Swali lao ni kama mtihani uliofanya kule wanaujua, wameuona, wanaweza kuusimamia mbele ya watu wao. Kadi ya leseni ni barua ya udhamini: serikali moja inaiambia nyingine, "Huyu namjua." Na barua ya udhamini haina nguvu kuliko heshima ya aliyeiandika.

Basi nijiulize kwa ukweli, nawe msikilizaji ujiulize, barua yetu iliandikwaje? Mimi nilipewa leseni yangu ya pikipiki miaka mingi iliyopita katika mji ambao sitautaja. Nilitahiniwa kwenye uwanja wa mpira. Nikaambiwa nizunguke mara moja. Nikazunguka, nikashuka, tukapeana mikono. Hakuna aliyeniuliza nini maana ya mstari mweupe usiokatika. Hakuna aliyenipeleka barabarani. Na wenzangu watatu wa siku ile hawakupanda kabisa, walikuja kuchukua karatasi zao tu. Simwambii mtu yeyote kwamba hali ni hiyo kila mahali, na najua wapo watahini wa kwetu wenye msimamo. Lakini ukishayaona hayo kwa macho yako, huwezi kumlaumu mgeni anayesita kuusoma mhuri wako.

Waingereza nao hawakuzaliwa na mtihani. Sheria yao ya mwaka 1903 ilitaka mwenye chombo cha moto awe na leseni, lakini leseni hiyo ilikuwa ya kununua tu, ukitoa shilingi zako unapewa. Miaka zaidi ya 30 watu waliendesha hivyo, wakagongana, wakauana. Mtihani wa lazima ulikuja mwaka 1935, na vibao vya L vilikuja pamoja nao. Kwa pikipiki, kwa miaka mingi mtahini alikuwa akisimama kwa miguu ukingoni mwa barabara, akimwangalia mwanafunzi akizunguka mtaa na kurudi. Mafunzo ya lazima ya kwanza kabla ya kupanda yalianza mwaka 1990 tu. Kwa hiyo ugumu tunaoukuta leo uliwafikia wao pia kidogo kidogo, na kila kipande kiliongezwa kwa sababu kuna watu walikufa.

Haya, njia yenyewe ikoje? Nitaieleza kama nilivyomweleza mpwa.

Kwanza unaomba leseni ya kujifunzia. Ni pauni 34 ukiomba kwa intaneti, na unaweza kuiomba huku miezi yako 12 ikiwa bado haijaisha. Tena ndivyo inavyotakiwa, maana ukiwa nayo na miezi bado ipo, leseni yako ya nyumbani inaendelea kukulinda: hufungi kibao cha L, hubanwi na masharti ya mwanafunzi. Watu wengi wanaogopa kuiomba wakidhani watajishusha. Hujishushi.

Kisha unakwenda kwenye mafunzo ya siku moja ambayo kila mtu hapa huyaita kwa herufi tatu, CBT. Unaanza kwa kusoma namba ya gari kutoka mita 20 kupima macho. Unafundishwa chombo chenyewe, unaendesha ndani ya uwanja kati ya koni, unazungumza na mkufunzi juu ya barabara, kisha mnatoka pamoja barabarani kwa muda usiopungua saa mbili, yeye nyuma yako na redio sikioni mwako. Huo si mtihani wa kufaulu au kufeli. Mkufunzi akiridhika anakupa cheti, asiporidhika unarudi siku nyingine. Bei kila shule inajipangia.

Cheti kile kinadumu miaka miwili, na kinakuruhusu pikipiki isiyozidi cc 125, ukiwa na vibao vya L, bila abiria, na bila kuingia kwenye zile barabara kuu za kasi. Msikilizaji uliyeko nyumbani, hebu pima mwenyewe maana yake. Boxer ya cc 150, ile ambayo kijana wa bodaboda amelala juu yake na kuamka juu yake, hapa haruhusiwi kuipanda kwa cheti hicho. Ni kubwa mno kwake. Na abiria, ambaye ndiye kazi yenyewe ya bodaboda, hata mmoja haruhusiwi, sembuse mshikaki wa wawili au watatu.

Vijana wetu wengi wanaishia hapo. Ukiona mtu amesimama nje ya duka la kuku wa kukaanga saa tatu usiku, sanduku la mraba mgongoni, kibao cha L kimeloa mvua, kuna uwezekano mkubwa kwamba ana cheti cha CBT na hana kingine. Kazi ya kupeleka chakula inawezekana kwa cheti hicho, mradi bima yako iwe ya kazi ya kubeba vitu kwa malipo. Bima ya kawaida ya kwenda na kurudi haitoshi, na hilo nalo limewaponza wengi. Miaka miwili ikiisha wanalipa tena, wanakaa siku nzima tena na wale waliokuja juzi, wanapata cheti kile kile. Namjua mmoja amekwisha kwenda mara tatu.

Siwalaumu. Najua kodi ya nyumba inavyobana, na najua siku moja bila kazi ni siku moja bila fedha ya kutuma nyumbani. Ila moyo wangu hauridhiki. Mtu yule anaweza kuendesha. Ustadi anao mikononi. Amebaki mlangoni miaka sita kwa sababu hakuna aliyekaa naye kumwonyesha kwamba vyumba vilivyobaki ni vitatu tu. Ndiyo maana leo nimekaa mbele ya maikrofoni hii.

Chumba cha kwanza ni mtihani wa nadharia. Pauni 23. Maswali 50 kwenye kompyuta, dakika 57, na lazima upate 43. Kisha unaonyeshwa filamu fupi 14 za barabarani, na unabonyeza mara tu unapoona hatari inaanza kuchipuka: mtoto anakaribia ukingo, mlango wa gari unafunguka, lori linaanza kurudi nyuma. Huko unatakiwa upate 44 kati ya 75. Ajabu ni kwamba hapa watu wa bodaboda wanaweza kuwa bora kuliko wenyeji. Mtu aliyeendesha miaka kumi katikati ya daladala na mikokoteni anaijua hatari kabla haijatokea. Shida yake ni kwamba anaona hatari nyingi mno, anabonyeza kila mahali, na kompyuta ikiona unabonyeza ovyo inakupa sifuri kwenye filamu hiyo. Inabidi ajizuie, angojee ile moja ambayo ingemlazimisha apunguze mwendo au abadili njia.

Kingine ni lugha. Zamani mtihani huu ulikuwa na sauti za lugha mbalimbali za kigeni, na mkalimani aliruhusiwa. Tangu Aprili 2014 mambo hayo yameondolewa, imebaki Kiingereza na Kiwelishi, pamoja na lugha ya ishara kwa wasiosikia. Kwa hiyo mtu wetu aliyesoma kwa Kiswahili hana budi kujifunza msamiati wa barabara kwa Kiingereza. Nilimfundisha jirani yangu, mama mmoja wa Kikongo aliyetaka leseni ya gari, kwa kutembea naye mtaani. Kila alama tuliyoikuta, aliitaja kwanza kwa Kiswahili cha Bukavu, kisha kwa Kiingereza. Miezi miwili. Alifaulu. Huyo pia alikuwa na mzigo ambao sisi wa Tanga hatunao, maana Kongo wanapita kulia, na Rwanda na Burundi vivyo hivyo. Sisi wa Tanzania, Kenya na Uganda tumekuja hapa na mkono wetu ule ule wa kushoto, na hiyo ni neema kubwa ambayo hatuihesabu.

Tena, wewe mwenye leseni ya gari ya Uingereza, usidhani umesamehewa nadharia ya pikipiki. Ina maswali yake.

Chumba cha pili ndicho kilichonifunza, nami nitakaa hapo kidogo. Wanakiita moduli ya kwanza, pauni 15 na nusu, dakika 20 hivi, kwenye uwanja uliofungwa. Unasukuma pikipiki kwa mikono, unaiweka kwenye stendi, unapita katikati ya koni, unachora namba nane, unatembea polepole kama mtu anayesindikiza mgeni, unageuka nyuma ndani ya mistari miwili bila kugusa mguu chini. Kisha unafikisha kilomita 50 kwa saa, kifaa kinakupima, unapiga breki ya dharura. Unarudia mwendo ule, unakwepa kizuizi.

Nilikwenda nikiwa sina wasiwasi hata chembe. Nilikuwa nimefanya mazoezi siku nne kwenye pikipiki ya cc 600, maana nilitaka leseni kamili. Hapa lazima niseme jambo, lisije likampita mtu: pikipiki utakayofanyia mtihani ndiyo itakayokupa daraja la leseni. Ukifanyia ya cc 125, utapewa ya cc 125, na huo ndio mwisho wako mpaka ufanye mtihani mwingine. Aliyetimiza miaka 24 anaweza kwenda moja kwa moja kwenye daraja la juu, lile lisilo na kikomo, mradi afanyie kwenye pikipiki kubwa. Chombo hicho kina kilo 200 hivi. Mara ya kwanza nilipokisukuma nilihisi kama nasukuma ng'ombe asiyetaka kwenda mnadani. Lakini ukishazoea uzito wake, mwendo wa polepole unakuwa mtulivu kuliko wa Boxer.

Koni nilipita. Namba nane nilichora. Nikafika kwenye kugeuka nyuma. Niligeuka vizuri, msikilizaji, mguu haukugusa, gurudumu halikukanyaga mstari. Mwisho wa mtihani mtahini, mzee mmoja mpole, aliniita pembeni akaniambia nimefeli. Nikashangaa. Akaniambia kugeuka kwenyewe kulikuwa kuzuri. "Ila hukuangalia nyuma. Ulijuaje kwamba hapakuwa na mtu?"

Nilitaka kumwambia kwamba uwanja ulikuwa mtupu, tulikuwa sisi wawili. Nikafunga mdomo. Maana swali lake liliniingia. Miaka yote niliyoendesha nyumbani nilikuwa nikimsikia aliye nyuma yangu, sikuwa nikimwangalia. Kwetu barabara inazungumza kwa honi. Anayetaka kukupita anakupigia, nawe unampisha. Vioo vya pembeni wengi wetu tulikuwa tumevigeuza ndani visipigwe kwenye foleni, na wengine walikuwa wamevifungua kabisa wakaviweka nyumbani. Hapa hakuna anayepiga honi. Gari la umeme linakujia begani na hulisikii hata kidogo. Shingo yangu, ndugu zangu, haikuwa na zoea la kugeuka, na mwenye shingo ya namna hiyo hapa hana maisha marefu.

Mkufunzi wangu alinirudisha uwanjani. Alisimama nyuma yangu, mbali, akainua vidole. Kila nilipotaka kugeuka au kuhama upande, lazima nigeuze kichwa juu ya bega, nitaje vidole ni vingapi, ndipo niende. Siku ya kwanza nilikuwa nabahatisha. Siku ya pili nilianza kuona. Waendeshaji wa hapa huliita tazamo hilo mwokoa maisha. Mara ya pili mtihani nilifaulu.

Chumba cha tatu, moduli ya pili, ni barabarani, dakika 40 hivi, pauni 75 siku za kazi. Mtahini yuko nyuma yako kwenye pikipiki yake, anakuelekeza kwa redio. Sitaieleza sana, kwa kuwa aliyefika hapo na shingo inayogeuka ameshamaliza sehemu kubwa. Niseme mawili tu. Kipilefti cha hapa kinataka uchague mstari wako kabla hujafika, na aliye ndani akitokea kulia ndiye mwenye haki, hata kama wewe una haraka na yeye anatambaa. La pili ni barabara yenyewe. Vifuniko vya chuma vya mitaro vikilowa vinateleza kama sabuni. Majani ya vuli, yakishakanyagwa na mvua, ni hivyo hivyo. Kwenye mzunguko wa kipilefti hukosi kukuta dizeli iliyomwagwa na malori. Na Desemba jua la Leicester linazama karibu saa kumi alasiri. Sisi tuliozoea magharibi ya saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, tunajikuta gizani na baridi ya kukata vidole huku tunadhani bado ni mchana. Mtihani hauna swali la vidole vilivyokufa ganzi juu ya breki, lakini barabara inalo. Nunua glavu kabla hujanunua kitu kingine chochote.

Gharama za serikali, ukizijumlisha, hazifiki pauni 150. Kinachopanda juu ni mafunzo na kukodi pikipiki. Kwa hiyo mtu asikubali kuambiwa kwamba leseni hii ni ya matajiri. Ni ya mtu aliyeweka akiba miezi michache na kupanga tarehe zake, maana cheti cha nadharia nacho kinadumu miaka miwili, na moduli zote mbili lazima ziishe ndani yake.

Kabla sijarudi kwa mpwa wangu, nina neno kwa wakubwa wa nyumbani. Orodha ile haikuchongwa kwenye jiwe. Mwaka 2021 ziliongezwa nchi mpya, zikiwemo Falme za Kiarabu, Ukraine na Taiwan. Ina maana kwamba nchi inaweza kubisha hodi, ikaonyesha mitihani yake, ikakaribishwa. Kenya ina NTSA, mamlaka yake ya usafiri na usalama barabarani. Tanzania, polisi wa usalama barabarani wanatahini na TRA, mamlaka ya mapato, inatoa kadi. Ningependa siku moja wakae mezani na Swansea wakiwa na vitabu wazi: hivi ndivyo tunavyotahini, hawa ndio watahini wetu, huyu tulimfelisha na sababu ni hii. Nami natamani hivyo kwa ajili ya walioko Tanga kuliko sisi tulioko hapa. Mtihani utakaoheshimiwa Swansea ndio huo huo utakaomrudisha kijana wa Ngamiani kwa mama yake salama jioni. Nimezika rafiki wawili wa bodaboda. Wote wawili walikuwa na leseni.

Mpwa alifika jioni ile na kadi yake na pasipoti yake. Tukatafuta tarehe aliyohamia, tukahesabu kwa vidole, kisha kwa kalenda. Alikuwa amebakiwa na siku 81. Tukaomba leseni ya kujifunzia usiku ule ule, yeye akiandika, mimi nikisoma. Alikasirika kidogo alipofika mahali pa kuchagua picha. "Mjomba, nimebeba watu miaka sita," akasema. Nikamwambia najua. Nilikuwepo. Mara ya kwanza kubebwa na yeye ilikuwa kutoka stendi mpaka Chumbageni, na alinifikisha bila hata kunitikisa.

Asubuhi iliyofuata tuliomba ruhusa ya uwanja wa maegesho wa msikiti, ambao siku za kazi huwa mtupu mpaka adhuhuri. Nikapanga ndoo nne badala ya koni. Akawasha pikipiki yake, akaizungusha mara mbili kwa madaha, mguu haukugusa chini, kichwa kimetazama mbele tu. Nikamsimamisha. Nikaenda nyuma yake hatua 20, nikamwambia kabla hajageuka anitajie vidole.

Akaondoka polepole, klachi nusu. Alipofika kwenye ndoo ya mwisho akasita. Kisha nikaona helmeti inageuka juu ya bega la kulia, yote, mpaka nikaona macho yake.

"Vitatu, mjomba!"

Vilikuwa vinne. Nikamwambia arudie.